Sensa inawaka taa lakini alamu hailii: kutafuta hitilafu kwenye alamu zisizo na waya

Kila sensa isiyo na waya, iwe ya mlangoni, ya ukutani inayonasa mwendo, au rimoti unayoitunga pamoja na funguo, ni redio ndogo inayosema. Nyingi zinasema tu, hazisikii. Mlango ukifunguka, sensa inatuma namba yake hewani, inairudia mara kadhaa harakaharaka, kisha inarudi kulala ili betri idumu. Haina njia ya kujua kama paneli, kile kifaa kikuu kinachopokea na kuliza alamu, imeisikia. Kwa hiyo ile taa nyekundu inayomweka unapofungua mlango ina maana moja tu: sensa imejaribu kusema. Watu wengi wanaiona taa, wanaridhika, na nyumba inalala bila ulinzi.

Ndiyo maana kila tatizo hapa chini nalipima kwa maswali mawili, na kwa mpangilio huu: imesema? Imesikika? Ukishapata jibu la swali la kwanza hutapoteza hela kununua betri wakati kosa liko kwenye antena.

Kabla hujagusa chochote

Kama alamu yako imeunganishwa na kampuni ya ulinzi, wapigie kwanza uwaambie unafanya majaribio, na ukimaliza wapigie tena. Gari la doria likija bure mara mbili tatu, siku ya tukio la kweli watakuja kwa mwendo wa kujivuta.

Pili, jua masafa ya redio ambayo vifaa vyako vinatumia. Yameandikwa nyuma ya sensa au ndani ya mfuniko wake. Vifaa vingi vinavyouzwa kwenye maduka ya Kariakoo na kule Luthuli Avenue, Nairobi, ni vya megahezi 433.92. Vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya mara nyingi ni 868, na vya Marekani utakuta 315, 319.5, 345 au zaidi ya 900. Sensa ya 868 haitasikiwa na paneli ya 433 hata uziweke juu ya meza moja. Ndugu aliyeko nje akikununulia sensa za ziada, mtumie picha ya maandishi hayo kabla hajalipa. Vile vya Marekani vinavyofanya kazi kati ya megahezi 902 na 928 visiwashwe huku kwetu: sehemu ya masafa hayo inatumiwa na mitandao ya simu, na vifaa vya redio vinahitaji kuidhinishwa, Tanzania na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko.

Sensa moja haisikiki, nyingine zote ziko sawa

*Taa yake haiwaki kabisa.* Haijasema. Mara nyingi ni betri. Hapa kuna mtego unaowapata hata mafundi: betri ya lithiamu, kama ile bapa ya CR2032 au nene ya CR123A, inashikilia volti zake karibu na 3 mpaka siku zake za mwisho, halafu inaporomoka kwa ghafla. Ukiipima ikiwa nje ya sensa, mita ya volti inakuonyesha 2.9 na unaona ni nzima. Lakini sensa inapotuma, inavuta mkondo mkubwa mara nyingi zaidi ya ule wa kulala, na hapo ndipo betri iliyochoka inapozama. Ipime ikiwa ndani ya sensa, mtu mwingine akifungua na kufunga mlango. Volti zikidondoka sana taa inapotakiwa kuwaka, betri imekwisha. Zile ndogo za volti 12, aina ya 23A, zinashuka polepole, kwa hiyo hizo mita inazisema vizuri zaidi. Ikisoma chini ya 11 badilisha.

Usichaji betri za lithiamu zisizochajika, na usichanganye mpya na kuukuu. Na zile bapa ziweke mbali na watoto: mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Usimtapishe, mkimbize hospitali hata kama anacheza kama kawaida.

Betri ikiwa nzima, angalia vibati vinavyoishika. Ukanda wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, Mombasa, Unguja, hewa ina chumvi na vibati vinaota kutu ya kijani au nyeupe. Futa kwa pamba yenye spiriti au kwa kifutio cha penseli. Usitumie msasa, unaondoa ule utando wa juu unaozuia kutu, na baada ya muda mfupi hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kisha sumaku. Sensa ya mlango ina kijiswichi ndani ya kichupa cha kioo, na sumaku iliyo upande wa pili ndiyo inayokiamuru kufunga na kufungua. Nyingi zinataka pengo lisizidi sentimita 1 hadi 2. Mlango wa mbao unavimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Bawaba zikilegea unashuka. Pengo linabadilika bila mtu kugusa kitu. Chukua sumaku yoyote, ipeleke karibu na sensa kwa mkono, kisha iondoe. Taa ikiwaka, sensa ni nzima na kosa ni la mlango. Mlango wa chuma una tatizo lake: chuma kinainyonya nguvu ya sumaku. Weka kipande cha plastiki au mbao chini ya sumaku ili ikae mbali kidogo na chuma. Kichupa chenyewe kupasuka hutokea, hasa mlango ukizoea kubamizwa, lakini si jambo la kuanzia nalo.

*Taa inawaka, paneli iko kimya.* Imesema, haijasikika. Ibandue sensa, ilete mita 2 au 3 kutoka kwenye paneli, ijaribu. Isisikike hapo napo? Basi paneli haiijui tena. Hilo hutokea paneli ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, au mtu akifuta namba akidhani anafuta ya rimoti iliyopotea. Ifute kabisa, isajili upya. Ikigoma kusajiliwa, jaribu sensa nyingine ya aina hiyohiyo. Nyingine ikikubali, saketi ya kutuma kwenye ile ya kwanza imekufa au imehama masafa, na bei ya kuitengeneza haina maana ukilinganisha na mpya.

Ikisikika karibu na kupotea ikirudi mahali pake, njia ndiyo mbovu, na hapa panahitaji subira. Mawimbi ya megahezi 433 yanapita kwenye tofali na mbao bila shida kubwa. Yanazuiwa na chuma: ukuta wa mabati, geti, kabati la chuma, friji, tangi la maji, zege lenye nondo zilizosukwa karibukaribu. Uliza nyumbani nini kimehamishwa. Jokofu jipya lililowekwa koridoni linatosha kuimaliza sensa ya mlango wa nyuma iliyokuwa ikisikika kwa shida tangu mwanzo.

Kabla ya kununua kifaa cha kuongeza nguvu, isogeze sensa. Urefu wa wimbi moja kwenye 433 ni kama sentimita 69. Ndani ya nyumba mawimbi yanagonga kuta na kurudi, na yale ya moja kwa moja yakikutana na yaliyogonga yanaweza kuuana. Pale yanapouana sensa inakuwa bubu, lakini kuisogeza robo ya wimbi, sentimita 17 hivi, chini kidogo ya shubiri, kunaweza kuirudishia sauti yake. Nimeona sensa iliyotaka kutupwa ikipona kwa kuhamishwa tu kutoka chini ya kitasa kwenda juu yake. Kama imebandikwa juu ya fremu ya chuma, iwekee nyuma kibao cha sentimita 2. Chuma kikiwa mgongoni mwa antena kinaivuruga.

*Sensa ya mwendo inashika mara moja halafu inagoma.* Kabla hujaisema ni mbovu, toka chumbani, kaa nje dakika 3 au 4, rudi. Sensa nyingi za betri zikishatuma zinalala kwa dakika kadhaa na hazitumi tena mpaka chumba kitulie. Ukisimama mbele yake unapunga mikono, unazidi kuilaza. Tafuta kijiswichi cha majaribio ndani ya mfuniko. Kumbuka pia kwamba inanasa joto linalohama. Ukitembea kukatiza mbele yake inakuona vizuri, ukiifuata moja kwa moja inakuona kwa shida. Na mwezi wa pili Dar es Salaam, chumba kilichofungwa kikifika nyuzi 35, joto la ukuta na la ngozi ya mtu vinakaribiana mno na uwezo wake unapungua. Chumba cha namna hiyo usikiachie sensa ya mwendo peke yake. Weka na ya dirisha.

Sensa zote zimeanza kusikika karibu tu

Zikipungua kwa pamoja, acha sensa. Kosa liko kwenye masikio ya paneli, au kuna kelele.

Anza na antena ya paneli. Imekatika? Imekunjwa? Fundi wa rangi ameikata kwa kuona ni waya wa ziada? Antena ya waya ya 433 ina urefu wa sentimita 17 hivi, na ya 868 ni nusu yake. Urefu huo si wa kubahatisha, kwa hiyo kuiongezea waya "ili ivute zaidi" kunaiharibu. Kisha angalia paneli imekaa wapi. Ikiwa ndani ya boksi la chuma na antena nayo iko ndani, au imefungwa kwenye kabati la chuma "ili wezi wasiione", umeifunika masikio. Antena itoke nje, isimame wima, iwe mita 1 au zaidi kutoka kwenye runinga, ruta na mita ya umeme.

Antena ikiwa sawa, tafuta kelele. Jaribio bora halina gharama: zima swichi kuu ya nyumba, paneli ibaki kwenye betri yake ya akiba, halafu jaribu sensa ya mbali. Ikisikika, mwenye kelele yuko ndani ya nyumba yako. Washa saketi moja baada ya nyingine mpaka usikivu upotee tena. Kwa kawaida utaishia kwenye chaja ya bei rahisi, balbu ya LED, au adapta ya kamera.

Isiposikika bado, kelele ina betri yake au inatoka nje. Tafuta rimoti iliyobanwa. Rimoti ya geti iliyokaa chini ya kiti cha gari, au kengele ya mlangoni isiyo na waya ambayo kitufe chake kimeingia maji na kushikana, inatuma bila kukoma. Paneli inasikia kelele hiyo moja na kukosa kila kitu kingine. Ulizia na kwa jirani, kwa upole.

Fensi ya umeme nayo huhusika. Ikiguswa na matawi au kihami, kile kinachoutenga waya na nguzo, kikipasuka, inarusha cheche, na kila cheche ni mlio kwenye redio. Usiku utaisikia ikilia ta, ta, ta na kuiona ikimeta. Usiiguse. Zima kifaa chake kisha umwite anayeihudumia.

Kuna shahidi mwingine mzuri: funguo za gari. Kama gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya linagoma kufunguka kwa rimoti likiwa nje ya nyumba yako na kufunguka ukisogea mtaa wa pili, hewa ya 433 hapo kwako imejaa. Magari tunayoyaagiza Japani yakiwa yametumika hayafai kwa jaribio hili, kwa kuwa rimoti zake ziko kati ya megahezi 312 na 315.

Simama hapa kama usikivu unapotea saa fulani tu za usiku, unarudi wenyewe, na hakuna kitu nyumbani kinacholingana na saa hizo. Inawezekana mtu anaziba masafa kwa makusudi. Usitoke nje kumtafuta. Andika saa, waambie kampuni yako ya ulinzi na polisi, na umwite fundi mwenye kifaa cha kuona mawimbi.

Alamu inalia yenyewe usiku

Paneli nyingi zinahifadhi namba ya eneo lililoliza alamu, yaani nafasi ambayo sensa ilisajiliwa. Isome kabla ya kuzima, la sivyo utabadilisha sensa isiyo na kosa.

Ikiwa ni sensa ya mwendo, fungua mfuniko ukiwa na tochi. Mjusi akipita juu ya kioo chake, ile plastiki nyeupe, yuko karibu mno kiasi kwamba kwa sensa anaonekana mkubwa kama mtu. Buibui na mende hufanya hivyohivyo wakiingia ndani. Ziba tundu la waya kwa silikoni. Baadaye angalia pazia linalopeperushwa na feni, jua la jioni linaloingia dirishani, na kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja. Betri inayokaribia kuisha nayo huifanya sensa ya mwendo itume ovyo, kwa hiyo kama eneo halionyeshi sababu, badilisha betri kwanza.

Ikiwa ni sensa ya mlango na mlango haukuguswa, pengo la sumaku limefika ukingoni: upepo kidogo tu na mlango ukacheza, kijiswichi kinaachia. Ikiwa paneli inasema sensa imechokonolewa, mfuniko haujakaa sawa au gundi imeachia kwa joto. Funga kwa skrubu.

Alamu ikiwaka na kuzimika kama vile kuna mtu mwenye rimoti, fikiria namba zinazogongana. Vifaa vya zamani vya kupanga namba kwa vijumpa 8, vile viunganishi vidogo vya kuchomeka ndani ya kifaa, kila kimoja kikiwa na nafasi 3, vina namba 6,561 tu, na wengi hawazibadilishi kutoka zilivyotoka kiwandani. Jirani mwenye kifaa kama chako anakuzimia alamu bila kujua. Panga upya vijumpa vya sensa na vya paneli. Aina za baadaye zenye namba ya biti 20 zina zaidi ya namba milioni moja, hivyo mgongano ni nadra, lakini udhaifu mmoja unabaki: namba ni ileile kila mara. Mwenye kifaa cha bei ndogo anaweza kuinasa ya rimoti yako ukiwa unazima alamu na kuirudia ukishaondoka. Hakuna ukarabati wa hili. Nunua mfumo ambao namba ya rimoti inabadilika kila unapobonyeza. Kwa sasa, zima alamu kwa kibodi ya paneli na rimoti iache ndani.

Umeme ukikatika, alamu inalia au inakufa

Karibu kila mara ni betri ya akiba. Paneli nyingi zina betri ya risasi iliyofungwa, volti 12, saa-ampea 7, na maisha yake ni miaka 3 hadi 5, pungufu ya hapo kama paneli iko kwenye joto la dari. Chomoa paneli kwenye umeme, iache saa moja, kisha pima betri. Nzima itasoma karibu 12.5 au zaidi. Ikiwa chini ya 12, badilisha. Rudisha umeme na upime tena: chaja inapaswa kutoa kati ya 13.5 na 13.8. Ikitoa zaidi ya 14.4 inaichemsha betri, na hiyo ni kazi ya fundi.

Betri ikiwa imevimba, imepasuka au inanuka, usiitoboe wala usiichomoe kwa nguvu. Fungua madirisha, zima umeme wa paneli, ita fundi. Na upande ule transfoma inapoingilia kuna volti 230. Kama hujazoea umeme, mfuniko huo usiufungue.

Inalia lakini simu haiji

Salio la laini ya simu iliyo ndani ya paneli. Baada ya hapo, laini iliyofungwa na mtandao kwa kutotumika muda mrefu, au yenye namba ya siri inayoombwa kila paneli inapowaka. Itoe, iweke kwenye simu ya kawaida, piga, tuma meseji, ondoa namba ya siri. Kama paneli inapitia intaneti, jiulize ruta inabaki hai umeme ukikatika. Isipobaki, nayo inahitaji betri yake.

Hakuna dalili yoyote

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mifumo bora inaagiza kila sensa ijitangaze kila baada ya muda, na ikikosekana paneli inakuambia. Mifumo mingi ya bei nafuu haina hilo. Betri ikifa, paneli haijui. Kwa paneli, ukimya wa sensa iliyokufa na ukimya wa mlango uliofungwa ni kitu kimoja. Kama kitabu cha maelekezo hakitaji ukaguzi wa aina hiyo, fanya wewe kila wiki: weka paneli kwenye majaribio, fungua mlango mmoja mmoja, na sikiliza paneli, usiangalie taa ya sensa. Andika tarehe ya kuweka betri kwa kalamu ndani ya mfuniko.

Ukifika pa kumwita fundi, mpe haya kwenye simu: masafa yaliyoandikwa kwenye sensa, namba ya eneo, kama taa inawaka, kama inasikika mita 3 kutoka kwenye paneli, na kilichotokea ulipozima swichi kuu. Atajua abebe nini, na hutamlipia nauli ya kurudi dukani.